Kisu cha Mshipini na Kijiko cha Fedha

Siku hizi mtu akialikwa karamuni katika nchi za Ulaya hukuta kisu, uma na kijiko vimekwisha kupangwa mezani mbele ya kiti chake. Hana haja ya kuchukua kitu kutoka kwake, na chakula kikiisha huviacha vyombo pale pale vikaoshwe na watu wa nyumba ile. Mtu hudhani desturi hii ni ya tangu kale, lakini sivyo. Miaka 400 iliyopita mgeni alifika karamuni na kisu chake mwenyewe kikining'inia mshipini, na pengine kijiko chake ndani ya mkoba wa ngozi. Vyombo hivyo vilikuwa mali yake hasa, kama joho lake au pete yake. Aliporudi kwake alirudi navyo, na alipokufa viliweza kutajwa katika wasia wake kimoja kimoja, pamoja na jina la mtoto au mjukuu atakayekirithi.

Habari za vyombo hivi si habari za mapambo tu. Zaonyesha jinsi watu walivyoweka akiba kabla ya kuwapo mabenki, jinsi mafundi walivyolinda jina la kazi yao, na jinsi adabu ya mezani ilivyogeuka polepole, hata jambo lililochekwa na baba likawa heshima kwa mwana.

KULA KWA VIDOLE, LAKINI KWA ADABU

Mnamo mwaka wa 1500 meza ya mtu mkubwa huko Uingereza, Ufaransa au Ujerumani ilikuwa na nyama nyingi lakini vyombo vichache. Nyama ilikatwa kwa kisu, ikatolewa kwa vidole katika sahani ya shirika, ikawekwa juu ya kipande cha mkate mkavu au ubao mdogo, kisha ikaliwa kwa mkono. Kijiko kilikuwa cha mchuzi na uji. Uma haukuonekana mezani, ila ule mkubwa wa jikoni wa kuinulia nyama chunguni, na ule mdogo wa kulia matunda yaliyopikwa kwa sukari katika nyumba za matajiri wachache.

Lakini asidhani mtu kwamba watu hao walikula ovyo. Kabla ya chakula na baada yake mtumishi alipita na birika, beseni na kitambaa, akawanawisha wageni kwa kufuata vyeo vyao. Mwaka wa 1530 mtaalamu mashuhuri, Erasmus wa Rotterdam, alitoa kijitabu cha Kilatini cha kuwafundisha watoto wa kiume adabu. Humo aliwaonya wasitie mkono sahanini mara tu wakaapo, maana hiyo ni tabia ya mbwa mwitu. Tena wasirambe vidole wala kuvipangusa kwenye nguo zao, bali watumie kitambaa. Kijitabu hicho kilipigwa chapa mara nyingi, kikasomwa mashuleni katika nchi nyingi za Ulaya.

Basi kula kwa mkono hakukuwa dalili ya ushenzi wala ya umaskini. Wafalme na maaskofu walikula hivyo. Kipimo cha adabu hakikuwa chombo alichoshika mtu, bali usafi wake na jinsi alivyowafikiria wenziwe waliokula naye sahani moja.

KILA MTU NA KISU CHAKE

Katika vyombo vyote, kisu ndicho kilichokuwa karibu zaidi na mwenyewe. Wanaume kwa wanawake walikivaa mshipini ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa kilifaa kazi nyingi: kukata kamba, kuchonga kijiti, kujilinda njiani, na kukatia nyama mezani. Mwenye karamu hakulazimika kuwapa wageni visu, kama vile asivyolazimika kuwapa viatu.

Desturi hii ilidumu muda mrefu. Samuel Pepys, karani mkubwa katika ofisi ya manowari za Mfalme wa Uingereza, alikuwa na mazoea ya kuandika kila siku mambo aliyoyaona. Tarehe 29 Oktoba 1663 alialikwa katika karamu kubwa ya Meya wa London. Aliandika kwamba ukumbini walikuwako watu wengi na meza nyingi, lakini meza zilizokuwa na visu na vitambaa vya mikono ni ile ya Meya na ile ya mabwana wa Baraza la Mfalme tu, naye aliona jambo hilo kuwa la ajabu. Hapo twaona desturi mbili zikikutana: ya kale, iliyomtaka mgeni ajitegemee, na mpya, iliyomtaka mwenye karamu atoe kila kitu.

Kwa kuwa kisu kilionekana na watu wote, kila mwenye uwezo alitaka kiwe kizuri. Kazi ya kukitengeneza iligawanywa kwa mafundi mbalimbali: mmoja alifua bapa la chuma, mwingine alitia mpini, na mwingine akashona ala. Mafundi wa visu wa London walipewa hati na Mfalme Henry wa Tano mwaka wa 1416, na wale wa Sheffield waliundiwa chama chao kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1624. Huko Ujerumani mji wa Solingen ulijulikana kwa mabapa yake, na huko Ufaransa mji wa Thiers. Kila fundi alipiga alama yake juu ya chuma, na chama kililinda alama hizo ili mtu asiuze kazi mbaya kwa jina la mwingine.

Mipini ilitengenezwa kwa kila kitu cha thamani: fedha, kaharabu ya pwani za Bahari ya Baltiki, marijani ya Bahari ya Kati, akiki, bilauri, ng'amba na pembe za ndovu. Katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London vimehifadhiwa visu 14 vyenye mwaka wa 1607, ambavyo mipini yake ya pembe imechongwa sanamu za wafalme na malkia wa Uingereza. Huko Italia, katika karne ya 16, vilikuwako visu vyenye bapa pana lililochorwa maneno na alama za muziki. Upande mmoja palikuwa na sala ya kuimbwa kabla ya kula, na upande wa pili sala ya shukrani baada ya kula. Na kila kisu kilikuwa na sauti yake, hata wenye visu wakikaa pamoja waliweza kuimba kwa sauti mbalimbali.

Uingereza ilikuwa na desturi nyingine iliyopendwa. Bibi arusi alipewa zawadi ya visu viwili ndani ya ala moja iliyodariziwa, akavitundika kiunoni kwa mnyororo au utepe. Vingine viliandikwa jina lake na mwaka wa arusi. Kwa kuvivaa, mwanamke aliwajulisha watu kwamba sasa ni mwenye nyumba yake.

PEMBE NA MIKONO YA AFRIKA

Katika habari hizi Afrika ina fungu lake. Mwanzoni mwa karne ya 16 Wareno waliofanya biashara katika pwani ya magharibi ya Afrika waliwakuta mafundi hodari wa kuchonga pembe, hasa katika nchi iitwayo leo Sierra Leone na katika ufalme wa Benin. Mafundi hao walichonga vijiko vyembamba sana, vyenye mishikio ya sanamu za ndege, mamba na wanyama wengine, na vijaluba vya chumvi vyenye sanamu za watu. Wareno walivinunua, wakavipeleka kwao Lisbon, na vingine vikafika katika hazina za watawala wa Ulaya. Vingi vilihifadhiwa kama vitu vya ajabu vya kutazamwa, na baadhi yake vimo hata leo katika makumbusho makubwa, kama British Museum ya London.

Miaka 300 baadaye biashara ya pembe ilihamia zaidi upande huu wa mashariki. Katika karne ya 19 pembe zilizoletwa na misafara kutoka bara zilipita Bagamoyo na Unguja, zikasafirishwa ng'ambo, na nyingi zikaishia Sheffield kuwa mipini ya visu. Wapagazi waliozichukua mabegani kwa miezi mingi hawakuviona visu hivyo, wala waliokula navyo hawakuijua njia iliyopitiwa na pembe zile.

KIJIKO NI AKIBA

Ikiwa kisu kilimwonyesha mtu jinsi alivyo, kijiko cha fedha kilionyesha alichoweka. Maskini alikuwa na kijiko cha mti au cha pembe ya ng'ombe. Mtu wa kadiri alikuwa na cha bati au shaba. Na aliyepata mali kidogo alinunua kimoja cha fedha kabla ya kununua anasa nyingine yoyote.

Habari iliyo wazi kabisa ya jambo hili iliandikwa na William Harrison, kasisi wa kijiji cha Radwinter katika jimbo la Essex, katika kitabu chake cha mwaka wa 1577 juu ya hali ya Uingereza. Wazee wa kijiji walimwambia kwamba mambo matatu yamegeuka sana katika maisha yao. La kwanza ni kuongezeka kwa dohani za kutolea moshi nyumbani. La pili ni vitanda. Maana zamani watu walilalia majani makavu na kuweka gogo kichwani kuwa mto. La tatu ni vyombo: sahani za mti zilibadilishwa kuwa za bati, na vijiko vya mti vikawa vya fedha au bati.

Harrison aeleza kwamba zamani ilikuwa shida kupata vyombo vinne vya bati katika nyumba ya mkulima mzuri. Kodi ya shamba haikuzidi pauni nne kwa mwaka, na hata hivyo mkulima aliweza kuilipa kwa shida, pengine kwa kuuza ng'ombe au farasi. Lakini siku za Harrison, ijapokuwa kodi ilikuwa imepanda kufikia pauni 40, 50 au hata 100, mkulima alijiona hakufanikiwa ikiwa hakuweka kando fedha ya kodi ya miaka sita au saba, pamoja na vyombo vya bati kabatini, magodoro ya manyoya, kijaluba cha chumvi cha fedha, bakuli la mvinyo, na vijiko kumi na viwili.

Kwa nini vijiko? Sababu yake ilikuwa ya busara. Wakati huo benki ya kijijini haikuwapo. Hata Benki ya Uingereza ilianzishwa mwaka wa 1694. Fedha ya vijiko ilikuwa ya ubora ule ule wa sarafu, yaani sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000. Shilingi ya mwanzo wa karne ya 17 ilikuwa na uzito wa gramu sita hivi. Basi kijiko cha gramu 54 kilikuwa na fedha sawa na shilingi tisa, mbali na ujira wa sonara. Na hizo kibarua wa shamba hakuzipata kwa kazi ya wiki moja. Kijiko hakikuhitaji malisho, hakikufa kwa maradhi kama ng'ombe, hakikuliwa na panya kama nafaka, nacho kilitumika kila siku bila kupungua ila kidogo sana. Siku ya dhiki kiliuzwa au kuwekwa rehani. Waswahili husema akiba haiozi, na mkulima wa Essex alikuwa akiilia uji akiba yake.

Lakini mtu atajuaje kwamba kijiko alichonunua ni fedha kweli, wala hakikuchanganywa na shaba? Hapo sheria iliingia. Mwaka wa 1300 Mfalme Edward wa Kwanza aliamuru vyombo vya fedha vipimwe na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Mwaka wa 1363 kila sonara aliagizwa awe na alama yake mwenyewe. Tangu mwaka wa 1478 huko London iliongezwa herufi iliyobadilishwa kila mwaka, ili ijulikane kazi ilipimwa mwaka gani na nani aliyeipima. Hivyo fundi mdanganyifu hakuweza kujificha, wala mpimaji mzembe. Kwa chapa hizo ndogo, mtu aweza hata leo kukishika kijiko cha zamani na kujua kilifanywa na nani na mwaka gani.

Vijiko vilivyopendwa kuliko vyote ni vile vya Mitume. Mwisho wa mshikio wake palikuwa na sanamu ndogo ya Mtume pamoja na alama yake: Petro na ufunguo, Andrea na msalaba wake, Bartolomayo na kisu. Seti kamili ilikuwa na vijiko 13, yaani Mitume 12 na Bwana Yesu. Vilikuwa zawadi ya ubatizo. Baba au mama wa ubatizo aliyekuwa tajiri aliweza kumpa mtoto seti nzima; mtu wa kadiri alitoa kimoja, mara nyingi cha Mtume ambaye mtoto amepewa jina lake; na asiye na fedha alitoa cha shaba. Hivyo mtoto alianza maisha akiwa na mali yake mwenyewe, hata kabla hajajua kushika kijiko.

SIKU YA DHIKI ILIPOFIKA

Mwaka wa 1642 vita vilitokea Uingereza kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Pande zote mbili zilihitaji fedha za kulipa askari, nazo zilijua fedha ilipo: mezani na makabatini mwa watu. Bunge liliwaomba raia walete sarafu na vyombo vya fedha, likaahidi kuwarudishia pamoja na faida ya asilimia nane. Watu wa London walivipeleka kwa wingi katika jumba la Guildhall, hata maadui zao wakalicheka jeshi la Bunge kwamba ni jeshi la kastabini na sindano, kwa kuwa wanawake walitoa hata vyombo vyao vya kushonea. Kwa upande wa Mfalme, vyuo vya Oxford vilitoa vyombo vyao vya fedha, vikayeyushwa na kupigwa sarafu huko huko mjini mwaka wa 1643.

Ndiyo sababu vijiko vya kabla ya vita hivyo vilivyosalia ni vichache kuliko vilivyofanywa. Kijiko alichopewa mtoto siku ya ubatizo wake kiligeuka mshahara wa askari kwa muda wa saa chache. Sanamu ya Mtume, jina la babu, mwaka wa arusi, vyote viliyeyuka pamoja. Maana moto haujui kumbukumbu, hujua uzito tu.

Wafalme nao hawakuepuka jambo hili. Mwaka wa 1689 Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, aliyejulikana kwa fahari kupita wafalme wote wa wakati wake, aliyeyusha viti, meza na vyombo vyake vya fedha vya jumba la Versailles ili kugharimia vita, akawaamuru raia wake nao watoe vyao. Na mambo huweza kwenda kinyume vilevile. Huko Uingereza watu waliyeyusha sarafu ili kufanya vyombo, hata serikali ikaona upungufu wa fedha mikononi mwa watu. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1697 hadi 1720 masonara walilazimishwa kutumia fedha safi zaidi kuliko ile ya sarafu, sehemu 958 katika 1000, ili shilingi isigeuzwe kijiko kwa urahisi.

UMA UNACHEKWA

Uma ulikuja mwisho, nao haukupokewa vizuri. Katika karne ya 11 binti wa kifalme kutoka Constantinople aliolewa na mtawala wa Venice. Inasimuliwa kwamba alikula kwa uma mdogo wa dhahabu, na mtawa mashuhuri Petro Damiani alimlaumu vikali kwa kuishi kwa anasa hivyo. Karne nyingi zikapita, na Waitalia wakauzoea, lakini mataifa mengine ya Ulaya yaliuona kuwa upuuzi wa watu wasiotaka kuchafua mikono. Watumishi wa Mfalme Henri wa Tatu wa Ufaransa, aliyetawala tangu 1574 hadi 1589, walidhihakiwa katika kitabu kwa kuhangaika na uma, huku chakula kikianguka kabla hakijafika kinywani.

Mwaka wa 1608 Mwingereza aliyeitwa Thomas Coryat, mwenyeji wa kijiji cha Odcombe, alisafiri hadi Italia, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1611 alieleza kwamba Waitalia hushika nyama kwa uma wanapoikata, na mtu akigusa nyama ya wote kwa vidole huwachukiza wenziwe, kwani vidole vya watu havina usafi sawa. Uma mwingi ulikuwa wa chuma, na wa fedha ulikuwa wa mabwana. Coryat aliupenda, akaendelea kuutumia aliporudi Uingereza. Rafiki yake mmoja akamtania kwa kumwita kwa neno la Kilatini lenye maana mbili: mchukua uma, na pia mhalifu astahiliye adhabu. Coryat hakujali. Baadaye alitembea mpaka Bara Hindi, akafa katika bandari ya Surat mwaka wa 1617. Na nchini kwake watu walioucheka uma wake waliendelea kuuzoea kidogo kidogo.

Hata Louis wa Kumi na Nne aliendelea kula kwa vidole mpaka uzeeni, ijapokuwa wajukuu wake walikwisha kufundishwa kutumia uma. Mfalme huyo huyo alipiga marufuku visu vyenye ncha kali mwaka wa 1669, kwa sababu ya ugomvi na mauaji. Mambo haya mawili yalisaidiana: kadiri uma ulivyochukua kazi ya kuchoma nyama, ndivyo kisu cha mezani kilivyoweza kuwa na ncha ya mviringo. Kilichokuwa silaha kikawa chombo cha kukatia tu.

MKOBA WA MSAFIRI

Katika karne ya 17 na ya 18, mtu mwenye heshima aliposafiri alichukua kisu, uma na kijiko ndani ya mkoba mmoja, maana nyumba nyingi za wageni njiani hazikutoa vyombo vya kutosha. Vingine vilikunjwa ili vienee mfukoni.

Mkoba mashuhuri kuliko yote ni wa Charles Edward Stuart, mjukuu wa Mfalme James wa Pili aliyeondolewa katika kiti cha Uingereza mwaka wa 1688. Chombo hicho cha fedha kilifanywa Edinburgh na sonara Ebenezer Oliphant, mwaka wa 1740 au 1741. Ndani yake mlipangwa visu, nyuma na vijiko vya watu wawili, vikombe vya mvinyo, kizibuo na vitu vingine vidogo, vyote vikiingiliana kwa ustadi mkubwa. Mwana wa mfalme alikuwa nacho alipokwenda Scotland mwaka wa 1745 kutaka kiti cha babu yake. Tarehe 16 Aprili 1746 jeshi lake lilishindwa huko Culloden kwa muda usiozidi saa moja hivi. Yeye aliponea chupuchupu akakimbilia milimani, na mizigo yake ikatekwa. Mkuu wa jeshi lililoshinda, Duke wa Cumberland, alimpa chombo kile msaidizi wake, Lord Bury, aliyepeleka habari za ushindi London. Leo kimo katika makumbusho ya taifa ya Scotland mjini Edinburgh. Mwenyewe alikuwa amekusudia kula nacho katika jumba la kifalme. Akafa ugenini mjini Roma mwaka wa 1788.

MWISHO WA DESTURI

Katika karne ya 18 matajiri walianza kununua visu, nyuma na vijiko vya namna moja, dazeni kwa dazeni, na kuvichora herufi za jina au nembo ya ukoo. Sasa heshima ilikuwa ya mwenye nyumba anayewapa wageni wote vyombo vinavyofanana. Mgeni aliyetoa kisu chake mfukoni alionekana kama mtu asiyemwamini mwenyeji wake.

Kisha ufundi mpya ukaeneza mambo. Miaka ya 1740, Thomas Boulsover wa Sheffield aligundua namna ya kuunganisha bamba la shaba na fedha, hata vyombo vikang'aa kwa bei ndogo. Mwaka wa 1840 watu wa jamaa ya Elkington wa Birmingham walipata hati ya kupaka fedha kwa nguvu za umeme. Na mwaka wa 1913 Harry Brearley wa Sheffield alifanya chuma kisichoshika kutu. Kabla ya hapo visu vya chuma vilisuguliwa kila siku kwa unga wa kukwaruza, na ndimu ikivigusa viliingia weusi. Chuma hicho kipya kilikifikisha kisu kizuri katika kila nyumba, lakini kilikiondolea thamani ya zamani: hakuna awezaye kulipa kodi ya shamba kwa kijiko cha namna hiyo.

Vijiko vya fedha vilivyookoka motoni vimo sasa katika makumbusho na mikononi mwa watu wanaovikusanya. Mtu akivitazama kwa makini ataona jambo moja ambalo masonara hawakulifanya. Ncha ya kijiko imelika upande mmoja, kwa kukwaruza bakuli miaka nenda miaka rudi kwa mkono wa kulia. Chapa zake zaeleza kilifanywa mwaka gani na kina fedha kiasi gani. Upande ule uliolika waeleza kwamba wenyewe hawakukificha sandukuni, bali walikula nacho, baba, mwana na mjukuu.